Dalali wa nyumba na viwanja Unguja: alipwe kwa lipi?

Huduma inayopimwa hapa haina bango wala ofisi moja. Ni kazi ya yule mtu wa barazani mwenye simu mbili, anayejua nyumba gani ya Jang'ombe ina mvutano wa ndugu, nani wa Bububu anataka kumfuata mwanawe Muscat, na kiwanja gani cha Tunguu kimeshushwa bei tangu juzi. Anayenunua nyumba au kiwanja Unguja hamkwepi kirahisi. Swali ni alipwe kwa lipi.

Kwa anayetaka alama za haraka: kutafuta, nane kwa kumi. Kuonyesha, sita. Bei, nne. Karatasi, sifuri, na sifuri hiyo wala si tusi. Karatasi si kazi yake, hakuisomea, hana dhamana nayo, na siku shauri likifika Mahakama ya Ardhi yeye atakuwa shahidi tu, kama simu yake itapatikana. Hasara nyingi za wanunuzi huanzia hapo: mtu kalipia kutafutiwa, akaamini kalipia na kuhakikishiwa.

Kutafuta ndiko anakojua kweli. Familia nyingi za hapa hazipendi jirani ajue kwamba nyumba inauzwa, kwa hiyo bango haliwekwi na tangazo halitoki; habari hupita kwa mtu mmoja anayeaminika mtaani. Ndiyo maana dalali wa mtaa anamshinda yule mwenye picha mia mbili kwenye Instagram. Wa mtandaoni mara nyingi ni dalali wa dalali: kachukua picha kwa mwenzake, aliyezichukua kwa mwingine, na nyumba yenyewe pengine ilishauzwa mwaka jana. Kumjaribu ni rahisi. Muulize sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia hiyo, ni nani, nyumba ya mwisho kuuzwa njia ile ilikwenda kwa shilingi ngapi, na maji ya masika yanapita wapi. Akibabaika kwenye mawili kati ya matatu, huyo si wa mtaa huo.

Kwenye kuonyesha, kubaliana nauli na ada ya kuonyeshwa kabla hujatoka nyumbani, na sharti liwe kwamba ukinunua, ada hiyo inakatwa kwenye udalali, yaani malipo yake ya mwisho. Nenda mara mbili. Mara ya pili uende baada ya mvua, na ikiwezekana ndani ya masika yenyewe, kati ya Machi na Mei. Bonde kama la Mwanakwerekwe au Kibondemzungu lina historia ya kujaa maji, lakini vibonde vidogo visivyo na jina viko kila upande, na kiangazi vyote ni vikavu na vizuri kwa picha. Usiitazame nyumba unayouziwa peke yake, maana hiyo imeshapakwa rangi. Tazama za jirani: kizingiti kilichoinuliwa kwa saruji, ngazi mbili mlangoni pasipo mlima, mstari wa rangi ya udongo ukutani kwa urefu uleule nyumba baada ya nyumba. Jirani aliyejenga kizuizi cha maji kwa pesa yake hakufanya pambo.

Viwanja vya shamba vina hesabu yao. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Ukigawa, unapata viwanja 13 na kipande. Dalali akikuambia eka hii imetoa viwanja 13, amekuambia bila kujua kwamba hakuna njia iliyoachwa. Ukiacha barabara inayopitisha gari, pamoja na pa kugeuzia, robo hivi ya ardhi inaondoka na unabaki na viwanja kumi, pengine kumi na moja. Wanunuzi wa mwanzo hawaoni tatizo, kwa sababu wanapita kwenye viwanja vya wenzao ambavyo havijajengwa. Ikisimama nyumba ya sita, njia imekwisha, na lori la mchanga linashusha mbali. Kuanzia hapo unalipa wabebaji kwa kila tofali. Dai mchoro wa mgawanyo wote, si wa kiwanja chako tu, uione njia imechorwa na ina upana ulioandikwa.

Nenda na futi ya mita 30 pia. Kiwanja cha 15 kwa 20 chenye pembe sawa kina mita 25 kamili kutoka kona hadi kona, upande huu na upande ule. Ukipata 24 huku na 26 kule, kimepinda, na nyumba uliyochorewa kwa pembe mraba itaingia kwa jirani au itabaki na kona isiyofaa kitu. Kipimo hicho hakichukui dakika kumi. Hata hivyo haiondoi haja ya mpimaji aliyesajiliwa kuja kuhakiki bikoni, yaani mawe ya mpaka, kwa vipimo vya ramani, maana jiwe lililozikwa na dalali jana usiku nalo linaitwa bikoni.

Kisha kuna "nauza msingi". Tangazo hili limejaa Fuoni, Kisauni na kwingineko, na lina sababu yake: Zanzibar ardhi ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia, kwa hiyo ardhi tupu huuzwa kwa shida na kilichojengwa juu yake huuzwa kwa wepesi. Mingine ni misingi ya kweli, ya mtu aliyeishiwa. Mingine ni kozi mbili za matofali zilizopangwa ili kiwanja kipate jina la nyumba. Chimba pembeni mpaka uone zege la chini. Kama tofali la kwanza limekaa juu ya udongo, thamani ya msingi huo ni matofali yake, basi. Nondo zilizochomoza zipige brashi ya waya. Kutu ya unga si neno. Kutu inayobanduka kwa magamba imeshakula chuma, na sehemu hiyo ikatwe. Baada ya kukata, kipande kinachobaki kwa nondo ya milimita 12 kisipungue nusu mita na kitu, maana nondo mpya inahitaji urefu wa kupishana nayo. Ukibakiwa na sentimita 20, nguzo hiyo inavunjwa na kuanzwa upya. Uliza pia mchanga ulitoka wapi. Wa pwani una chumvi, na chumvi haikai kwenye plasta tu kukuudhi kwa rangi inayobanduka, inaingia mpaka kwenye nondo.

Kwenye bei, dalali anakuwa mtu mwingine. Neno la kulijua ni "cha juu". Mwenye mali anataka milioni 45; wewe unaambiwa 60, unapunguziwa mpaka 57 unafurahi, na milioni 12 zinabaki njiani. Juu ya hapo unadaiwa udalali. Ukikubaliana naye asilimia 5 ya bei ya kweli, haki yake ingekuwa shilingi milioni 2 na laki mbili na nusu. Dawa yake ni kikao kimoja kabla ya kutoa hata shilingi: mwenye mali, wewe na dalali, na mwenye mali atamke bei kwa mdomo wake. Dalali atakwambia mzee anaumwa, mzee hataki watu, mzee kaniachia mimi kila kitu. Muandikie basi: udalali ni asilimia fulani ya bei itakayotamkwa na mwenye mali, mlipaji ni fulani, na unagawanywa kati ya madalali wote waliohusika. Sentensi ya mwisho ina kazi. Bila hiyo, siku ya kulipa watatokea watatu ambao hujawahi kuwaona, kila mmoja na madai kwamba ndiye aliyekuleta.

"Ndugu yangu, kesho huikuti hii." Maneno haya yanasemwa kwa kila nyumba, hata iliyokaa sokoni miaka miwili. Yasikuondoe kwenye karatasi.

Karatasi

Anachokuletea dalali kwa kawaida ni mkataba wa mauziano wa mkono, wenye saini za mashahidi na muhuri wa sheha. Watu wanauamini sana muhuri huo. Sheha ni mtu muhimu, anajua nani anakaa wapi na mgogoro gani umewahi kufikishwa kwake, na inafaa umwendee mwenyewe, bila dalali, umuulize moja kwa moja: kuna mtu aliwahi kuja kulalamikia mahali hapa? Lakini muhuri wake unaonyesha kwamba watu fulani walifika mbele yake wakakubaliana. Hauhamishi haki ya ardhi. Haki hiyo inasimamiwa na Sheria Nambari 12 ya 1992 ya umiliki wa ardhi, na kuihamisha kunapitia Bodi ya Uhaulishaji iliyowekwa na Sheria Nambari 8 ya 1994. Mkataba wa barazani usiofika huko unakuacha na madai dhidi ya muuzaji tu, naye ameshahama.

Kwa hiyo chukua nakala ya hati, namba ya kiwanja na kitambulisho cha muuzaji, uende Kamisheni ya Ardhi kuuliza. Unatafuta jina lililoandikwa kule, matumizi yaliyoidhinishwa, na kama kuna zuio au dhamana ya benki. Mtihani mwepesi wa dalali upo hapa. Mwambie unataka nakala uende nazo mwenyewe. Mkweli atakupa. Anayesema "hati ataionyesha siku ya malipo" muage kwa wema.

Mtego wa kwanza ni eka tatu. Baada ya Mapinduzi mashamba yaligaiwa kwa wananchi eka tatu tatu, kwa kilimo. Leo mengi yako pembezoni mwa mji uliokua, na wajukuu wanayakata viwanja. Karatasi ya babu ni ya kweli kabisa, na ndiyo inayowaponza wanunuzi: inathibitisha kwamba babu alipewa shamba alime. Haithibitishi kwamba mjukuu ana ruhusa ya kuligeuza makaazi na kuligawa kwa watu kumi. Ukiambiwa "hii ni eka tatu ya familia", uliza kibali cha kubadilisha matumizi na mchoro ulioidhinishwa, kisha usubiri.

Miti nayo. Hapa kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Unanunua kiwanja, unakata minazi minne ili uweke msingi, anatokea shangazi kutoka Makunduchi na shauri lake, na ana haki. Mkataba useme wazi kwamba miti imo kwenye bei, iandikwe idadi na aina, na mwenye miti kama ni mwingine asaini. Pemba jambo hili ni zito zaidi kwa ajili ya mikarafuu. Huko udalali haujashamiri kama Unguja, mauzo hupita kwa jamaa kwa jamaa, na mwenye ardhi, mwenye mikarafuu na anayechuma wanaweza kuwa watu watatu.

Mirathi ndiyo inayovunja mauzo mengi kuliko yote. Hati ina jina la marehemu, anayeuza ni mtoto mkubwa, na dalali anakuhakikishia kwamba "ndugu wote wanajua". Kujua si kusaini. Chukua nyumba ya milioni 80. Marehemu hana deni, wazazi wake walishatangulia, kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, milioni 10. Zilizobaki 70 zinakuwa mafungu saba: kila wa kiume 20, kila wa kike 10. Sasa binti mmoja yuko Dubai na hakusaini. Umelipa milioni 80, na fungu la milioni 10 hukuuziwa na mtu yeyote mwenye haki ya kuliuza. Binti huyo hahitaji kuthibitisha kwamba wewe ni mbaya. Anahitaji cheti cha kuzaliwa na orodha ya warithi.

Kwa hiyo orodha hiyo itoke Mahakama ya Kadhi au mamlaka inayosimamia mirathi hiyo, iwe mkononi kabla ya arbuni, yaani malipo ya kwanza ya kufunga makubaliano. Kila aliyetajwa asaini mwenyewe. Aliye nje atume hati ya uwakala iliyothibitishwa ubalozini, inayotaja nyumba hii hii na idhini ya kuuza. Ile ya "kusimamia mambo yangu yote" huleta ubishi. Kukiwa na mtoto mdogo, fungu lake haliuzwi kwa saini ya mama peke yake, na hapo wakili si wa hiari tena.

Mji Mkongwe una neno lake: kilemba. Dalali anasema nyumba inauzwa Malindi, bei imekuwa rahisi ajabu. Rahisi kwa sababu inayouzwa ni haki ya mpangaji anayeondoka, na kilemba ndiyo pesa anayolipwa. Nyumba yenyewe ni ya Shirika la Nyumba, au ni wakfu iliyo chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na wakfu hauuzwi. Kilemba bila ridhaa ya mwenye nyumba ni fedha iliyotupwa, na hata ukiwa na ridhaa utabaki mpangaji mwenye kulipa kodi.

Ukipata ya kuuzwa kweli, panda juu na bisibisi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, hasa chini ya choo cha juu. Choma karibu na ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, hesabu sakafu nzima. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani, kwa hiyo ukuta mpya na laini ndio wa kuutilia shaka. Na kila ukarabati wa nje unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, eneo likiwa kwenye urithi wa dunia tangu 2000, hivyo gharama ya madirisha ya alumini usiiweke kwenye bajeti kabisa.

Fleti mpya za Fumba na kwingineko zipite haraka: huko dalali hana kazi kubwa. Mjenzi ndiye humlipa, kwa hiyo usilipe mara ya pili. Uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya majengo ya pamoja ya 2010, ada ya huduma kwa mwezi ni shilingi ngapi kwa mita ya mraba na nani anaipandisha, na malipo yako yafuate hatua za ujenzi, yasifuate tarehe za kalenda. Mgeni anayenunua kwenye mradi uliosajiliwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kwa dola 100,000 au zaidi anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Kwa Mtanzania wa Bara, ardhi si jambo la Muungano; usichukulie kwamba hati ya huku inafanana na ya Bara, muulize wakili wa huku unapata haki ya aina gani.

Pesa na yanayofuata

Arbuni isizidi sehemu ya kumi ya bei, ipite benki, iingie akaunti ya muuzaji. Isipite kwa dalali hata kama ni mtu wa msikitini kwenu. Andika maneno haya au yafananayo nayo: "Iwapo uhaulishaji hautakubaliwa, au akatokea mrithi au mdai mwingine wa mali hii, muuzaji atarejesha arbuni yote ndani ya siku 14." Bila hayo, arbuni inahesabiwa imeliwa.

Utashauriwa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili ada na kodi zipungue. Wanaoshauri hivyo hawakwambii upande wa pili: mauzo yakibatilishwa, karatasi ndiyo inayosema unarejeshewa kiasi gani. Umelipa milioni 57, umeandika 30, utarudishiwa 30. Zaidi ya hapo, umejiweka mikononi mwa muuzaji ambaye naye anajua ulichomficha Mamlaka ya Mapato.

Huduma ya dalali baada ya mauzo haipo, na hiyo inarekebishika kwa namna ya kumlipa. Mpe nusu ya udalali siku ya kusaini. Nusu ya pili ifuate mambo matatu: barua ya uhaulishaji imetoka, mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, imehamishiwa jina lako kwenye shirika la umeme ZECO bila deni la nyuma, na mita ya maji imesomwa na akaunti ya muuzaji kwenye mamlaka ya maji ZAWA imefungwa. Madeni ya maji hasa huwa ya miaka, na mwenye kukatiwa ni aliyemo ndani. Wapo madalali watakaokataa malipo ya namna hii. Wanaoikubali ndio wa kuwahifadhi namba zao.